Bei ya bucha na bei ya jina: kabla hujatoa pesa ya mbuzi wa mbegu

Kila mnyama wa mbegu ana bei mbili. Ya kwanza ni bei ya bucha, ile utakayopewa na mchinjaji asubuhi ukiwa umeamka na shida. Ya pili ni bei ya jina, ile unayotajiwa kwa sababu mbuzi ni Boer, ile aina kubwa ya mbuzi wa nyama, ana kichwa chekundu, na babu yake anasemekana alitoka Afrika Kusini. Faida na hasara zote za biashara hii zinatokea katikati ya bei hizo mbili. Mimi nafuga hapa Bombo, Uganda, nauza mabeberu na majike ya kuzalisha, na simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Hajjati, Boer siku hizi ni ngapi?" Siwezi kujibu mpaka nijue mtu anaulizia bei gani kati ya hizo mbili.

Tuanze na ya bucha. Hajji mmoja anayenunua mbuzi wa kuchinja hapa kwetu haangalii rangi wala hereni ya sikio. Anapitisha kidole gumba kwenye mgongo, nyuma ya mbavu ya mwisho, anakandamiza huku na huku kusikia kama mfupa unachoma au umefunikwa na nyama. Halafu anamshika mbuzi kifuani na mapajani, anamnyanyua kidogo, anamshusha, anataja bei. Nikamwambia wakati fulani, Hajji, huyu ana robo tatu ya damu ya Boer. Akanitazama: "Mama, hiyo robo tatu nitaipima kwa kilo?"

Na hesabu yake ndiyo hii. Mbuzi hai wa kilo 30 hatoi nyama inayofika nusu ya uzito wake. Tuseme kilo 14. Tuseme pia kilo inauzwa shilingi 18,000. Nyama yote ni 252,000. Ngozi, kichwa na utumbo vinaongeza kidogo, usafiri, ushuru na faida ya bucha vinapunguza zaidi, na mfugaji anabaki na kama laki mbili. Badilisha hizo namba kwa bei za soko lako, lakini zipige kabla hujampigia muuzaji simu. Na nunua mizani ya kuning'iniza. Wachuuzi wanakadiria uzito kwa macho, na macho yao yamefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko yako.

Sasa jina. Boer wana chama chao cha wafugaji huko Afrika Kusini tangu 1959, na kwa miaka yote hiyo wamechaguliwa kwa ajili ya nyama. Beberu mzima aliyelishwa vizuri anaweza kupita kilo 100. Mbuzi wetu mdogo wa Afrika Mashariki akifika kilo 30 umemtunza. Wa Mubende, yule mweusi anayeng'aa, ni mkubwa kidogo na ngozi yake inapendwa na watengenezaji wa viatu na mikoba; wa Kigezi, mwenye manyoya marefu, amezoea baridi ya milimani. Ukilipia beberu wa Boer hulipii kilo zake mwenyewe. Unalipia tofauti itakayoonekana kwa watoto wake, na tofauti hiyo inahesabika.

Chukua beberu wa milioni moja na nusu. Baada ya miaka miwili utamwondoa ili asiwapande binti zake, na bucha itakupa, tuseme, laki nne. Kwa hiyo jina lake limekugharimu milioni moja na laki moja. Kama una majike 25, kila moja likizaa karibu mara tatu katika miaka hiyo miwili, ukitoa vifo utabaki na watoto kama 80 waliofika kuachishwa. Gawanya: ni shilingi 13,750 kwa kila mtoto. Ikiwa kila mmoja atauzwa 40,000 zaidi ya mtoto wa kienyeji, umefaidi sana. Ila kama una majike matano tu, gharama hiyohiyo inagawanywa kwa watoto 16, inakuwa karibu 69,000 kwa kichwa, na hapo umemnunulia jirani yako raha ya kuangalia. Mwenye majike matano akodi beberu, au anunue pamoja na wenzake wa kijijini.

Halafu kuna chakula. Boer asiyekula ni mbuzi wa kienyeji mwenye masikio marefu. Kuna kupe pia, na ugonjwa wa maji moyo wanaouleta unamaliza mbuzi wageni haraka kuliko maelezo ya daktari. Kwa sababu hiyo mimi naona beberu aliyezaliwa na kukulia hapa nchini, wilayani Nakaseke, katikati ya kupe wa Nakaseke, anastahili pesa nyingi kuliko aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita. Sokoni wanafanya kinyume, wanamlipia wa ndege.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawapendi kuisikia, hata sisi wenyewe. Beberu mmoja anatosha majike 25 mpaka 30. Katika wale watoto 80, madume ni kama 40, na kundi la ukubwa ule linahitaji beberu mmoja tu. Hao wengine ni nyama, hata wawe na vichwa vyekundu namna gani. Wachache watapata kazi kwenye makundi ya wenye mbuzi wa kienyeji, na hilo ni soko la kweli kwa sababu kila baada ya miaka miwili wanarudi kubadilisha. Lakini shamba linalotangaza kila dume lililozaliwa kuwa "wa mbegu", kwa bei ya mbegu, linakuuzia wale 39.

Bei ya majike ni habari tofauti, na ndiyo inayopanda kwa kasi na kuanguka kwa kasi. Jike la mbegu linanunuliwa hasa na mtu anayeanza kufuga. Maadamu wanaoanza ni wengi, bei inapaa. Wakijaa, kila mmoja anageuka muuzaji. Mnakumbuka kware wa 2014, obugubi walioingia majumbani Kampala na Nairobi? Mayai yalisemwa yanatibu kila kitu, na aliyekuwa na vifaranga aliuza kwa waliotaka kuuza vifaranga. Walaji wa kawaida hawakuwa wengi kiasi kile, na watu walibaki na vibanda. Boer wenyewe walipoingia Marekani mwaka 1993 waliuzwa kwa maelfu ya dola kwa mmoja. Walipozaana, bei ilishuka kuelekea ya nyama, na wengi walipata hasara, ingawa angalau nyama ilikuwepo ya kuwapokea.

Hapo ndipo ninapowajibu wanaoniuliza kuhusu farasi wadogo, wale wa kimo cha mbuzi ambao video zao zinazunguka kwenye simu. Eti mtu awalete, awazalishe, awauze Kampala. Farasi hao kwa Marekani wana chama chao tangu 1978, na mwisho wa kimo ni inchi 34, yaani kama sentimita 86, kipimo kikichukuliwa pale manyoya ya shingo yanapoishia. Bei yao yote ni bei ya jina: kimo, rangi, nasaba, vikombe vya maonyesho. Ndiyo maana huko huko dume aliyehasiwa wa kuchezewa na watoto anapatikana kwa dola mia chache, na dume la mbegu lililoshinda mashindano linauzwa kwa maelfu mengi, na wote wanakula nyasi ileile. Jike linabeba mimba miezi 11 na kuzaa mmoja. Akikosa mnunuzi unaye, kwa sababu farasi hao huishi miaka 25 na zaidi.

Wamarekani walijifunza nini kinatokea bei ya chini ikiondolewa. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini mwao yalifungwa mwaka 2007. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ilipochunguza, ripoti yake ya 2011 ilieleza kwamba kufungwa huko kulishusha bei za farasi wa daraja la chini na la kati kwa asilimia 8 hadi 21, na farasi wa bei ya juu hawakuguswa sana. Sisemi farasi waliwe. Nasema mnyama asiye na bucha nyuma yake anategemea mnunuzi wa jina peke yake, na Uganda wanunuzi wa farasi wa jina unaweza kuwakalisha kwenye mkeka mmoja. Ongeza ndorobo na ugonjwa wake wa nagana, ongeza ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Kama unamtaka wa kuwabeba watoto wadogo kwenye sherehe za siku ya kuzaliwa, sawa, mpigie hesabu kama bodaboda: wikendi moja anaingiza ngapi, wiki nzima anakula ngapi. Watoto wake usiwaweke kwenye hesabu kabisa.

Turudi kwa mbuzi. Ukifika shambani, fungua mdomo wa mnyama kabla ya kufungua pochi. Meno mawili makubwa mbele katikati ya madogo yanaonyesha amepita mwaka. Manne, karibu miaka miwili. Manane, miaka minne au zaidi, na huyo ulipie karibu na bei ya bucha hata kama ni mzuri. Taya la chini liguse vizuri pedi ya juu, lisichomoze wala kurudi nyuma. Shika korodani zote mbili: ziwe sawa kwa ukubwa, ngumu kiasi, zisizo na uvimbe. Vuta chini ngozi ya chini ya jicho. Wekundu wa waridi ni damu ya kutosha. Ukikuta weupe kama karatasi, minyoo imeshakula pesa yako, na hapo usibishane bei, ondoka.

Kuhusu damu: nusu, robo tatu, saba kwa nane. Kutoka nusu mpaka saba kwa nane ni vizazi viwili zaidi, na kila kizazi cha jike ni kama mwaka na nusu, kwa sababu halipandwi kabla ya kukaribia mwaka na mimba ni miezi mitano. Kwa hiyo mtu aliyeanza na mbuzi wa kienyeji miaka miwili iliyopita hawezi kuwa na saba kwa nane wa kwake mwenyewe. Muulize alianza lini, kisha nyamaza umsikilize. Dume la nusu damu ulilipie nyama. Watoto wake watatoka kila mmoja na sura yake. Jike la nusu damu ndilo ninalolipenda kuliko wote kwa pesa ninayotoa: limerithi ugumu wa mama na mwili wa baba, na bei yake haijapaa.

Msimu nao una bei yake. Shule zinapofungua, Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba, wazazi wanaleta mbuzi sokoni ili walipe ada, na mwenye pesa taslimu ananunua majike mazuri kwa bei ya huruma. Krismasi na Pasaka muchomo, yaani nyama choma, unapandisha bei. Lakini mimi napanga mwaka wangu kwa Eid al-Adha. Mbuzi wa udhhiya, yaani wa kuchinjwa sikukuu hiyo, lazima awe ametimiza mwaka, asiwe kipofu, kilema wala mgonjwa, aliyehasiwa anakubalika. Kwa hiyo mimba yake iwe imeingia si chini ya miezi 17 kabla ya sikukuu, na sikukuu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka: 2024 ilikuwa tarehe 16 Juni, 2025 ikawa 6 Juni. Anayepandisha mbuzi wake mwezi uleule kila mwaka ataona siku moja madume yake yana miezi kumi na moja, na Waislamu wote wanampita. Madume yasiyofaa kwa mbegu nayahasi mapema na kuyaelekeza huko. Bei yake wakati ule inakaribia ya jina, na hakuna anayeuliza nasaba.

Wanunuzi wa mbali, wa Juba kupitia Elegu na wa Kenya kupitia Busia, wanainua bei wakija, ila wanaweza wasionekane miezi. Na karantini haipigi hodi. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulifunga masoko ya mifugo katika wilaya nyingi, na aliyekuwa na mbuzi wa kuuza wiki ile alibaki kuwalisha. Weka akiba ya chakula cha miezi miwili kabla ya kuongeza idadi. Na ukinunua, kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo wa wilaya kiwe mkononi kabla gari halijaondoka. Mbuzi aliyezuiwa njiani siku mbili anapungua uzito uliolipia.

Pesa ya awali kwa mbuzi wa kwenye picha usitume. Ukishindwa kwenda, mtume daktari wa mifugo wa eneo lile akutazamie, umlipe yeye. Na ukiwa na muuzaji ana kwa ana, swali langu ni hili: mwaka jana, madume mangapi yalikwenda bucha? Akisema hakuna hata mmoja, mshukuru kwa chai. Anayeweza kukutajia mchinjaji wake, na mchinjaji huyo akamfahamu, huyo kaa naye mpatane bei.