Kabla hujanunua waya wa spika wa laki tano

Muuzaji akikuambia waya wa laki tano "utaifungua" sauti ya spika zako, mwombe jambo moja: abadilishe nyaya wewe ukiwa umempa mgongo, sauti ikiwa kiwango kilekile, nawe utaje ni upi unaolia. Rudieni jaribio hilo mara kadhaa. Nikiomba hivyo dukani hujibiwa kwamba masikio yanahitaji muda kuuzoea waya. Kama tofauti ni kubwa kiasi cha laki tano, kwa nini isisikike leo?

Si madukani kwetu tu. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kufichua ulaghai, alisema dola 1,000,000 zipo kwa atakayethibitisha kwa masikio pekee kwamba nyaya za spika za kampuni ya Pear, zilizouzwa dola 7,250, zinazidi nyaya za kawaida. Kampuni ilijitoa, jaribio halikufanyika.

Piga hesabu mwenyewe. Waya wa shaba wa unene wa milimita mraba 2.5, uleule fundi umeme anaouvuta kwenye soketi za nyumba, kwa umbali wa mita 5 una ukinzani (kizuizi cha umeme njiani) wa takriban omu 0.07, kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8 hiyo haifiki asilimia moja. Madini ya fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi, na pengo hilo linazibwa na shaba nene kidogo. Ile mishale ya "mwelekeo wa sauti" kwenye waya wa spika ndiyo kabisa: umeme wa muziki huenda na kurudi, hadi maelfu ya mara kwa sekunde. Nayo kebo ya HDMI hubeba tarakimu. Ikizidiwa, picha hujaa chengachenga au sauti hukatika. Haiongezi utamu wa besi.

Wizi wa kweli uko kwenye waya wa bei rahisi, na huu unaniuma kwa sababu unawapata wenye kumbi na makanisa wasio na fedha za kupoteza. Ni alumini iliyopakwa shaba, inauzwa kama shaba tupu. Vuta waya huo wa 1.5 mita 30 hadi kwenye spika ya omu 4, na karibu moja ya tano ya nguvu ya amplifaya itaishia kuupasha moto waya. Kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla hujalipa: ukiona weupe ndani, rudisha. Ukiushika pia ni mwepesi isivyo kawaida.

Kwa maikrofoni za mbali, nunua kebo za XLR, zile za pini tatu, zenye jeki imara. Kebo hizo kweli huzuia mngurumo. Fedha inayobaki ipeleke kwenye spika zenyewe, kisha sebuleni. Vigae chini na kuta tupu huharibu sauti kuliko waya wowote. Tandika zulia, weka mapazia mazito, isogeze spika itoke kwenye kona, usikilize tena wimbo uleule.