Vijana waliokulia ziwani wakienda kuoga baharini

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha kwaya hapa Ujiji. Mwezi wa Desemba nawapeleka vijana Dar es Salaam, na najua wakifika tu watataka kuoga baharini, Kigamboni au Coco. Wote wamekulia ziwani na wanajua kuogelea. Ila nasikia bahari inavuta watu. Inavuta vipi? Uzoefu wa Ziwa Tanganyika hautoshi?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Umefanya vyema kuuliza mapema. Uzoefu wa ziwa unasaidia, lakini hautoshi, na katika jambo moja unaweza hata kuwaponza. Huku kwetu upepo wa kusini ukikaza, miezi ya Mei hadi Septemba, kijana hutafuta mahali ambapo mawimbi hayapigi, ndipo anaingia. Baharini, pale palipotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika mara nyingi ndipo panapovuta.

Mawimbi yakivunjika husukuma maji kuja ufukweni, na maji hayo ni lazima yarudi. Hutafuta upenyo kwenye fungu la mchanga, au mlango kwenye mwamba, yakapita hapo kwa pamoja kama mto mwembamba unaokwenda baharini. Upenyo huo una kina kuliko pembeni, ndiyo maana wimbi halivunjiki juu yake na mgeni anaona pametulia. Mkiwa bado mchangani, simameni mahali palipoinuka mtazame kwa dakika 10 kabla mtu yeyote hajalowa. Tafuteni ukanda wa maji yaliyokoza rangi, povu au mchanga uliovurugika ukielekea nje, huku mawimbi yakivunjika kulia na kushoto kwake. Mkiuona, ogeni mbali nao.

Mkondo huo haumzamishi mtu chini. Unampeleka nje, kisha unalegea akishapita pale mawimbi yanapovunjikia. Kinachoua ni kupigana nao. Ukiwa mkali hufika mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hata mwogeleaji wa Olimpiki hawezi kuihimili kwa muda mrefu. Kijana anayejiamini ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu atataka kurudi alikotoka kwa nguvu za mikono, na ataona aibu kuita msaada. Mwambie aelee chali, apumue, ainue mkono na kupiga kelele. Akiwa na nguvu, aogelee sambamba na ufukwe mpaka asikie havutwi tena, ndipo arudi kwa mshazari, akipitia upande ambao mawimbi yanavunjika. Maji ya chumvi yatamsaidia, kwani yanabeba mwili kuliko ya ziwani.

Kuelea chali waanze kujifunza sasa, kwenye maji ya kiunoni. Usiwapeleke popote tu: ziwa hili lina kina kinachozidi mita 1,400, na sehemu nyingi za mwambao wetu hushuka ghafla hatua chache kutoka nchi kavu.

Tofauti nyingine kubwa ni maji kujaa na kupwa. Ziwani hatuoni jambo hilo. Dar maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji yanapopwa hutoka kwa nguvu kwenye milango ya miamba, na yanapojaa huweza kumkuta mtu aliyetembea mbali akamkatia njia ya kurudi. Siku za maji mafu, yaani tofauti hiyo inapokuwa ndogo, ni afadhali. Waulizeni wavuvi wa pale saa za maji na mahali panapovuta. Wanajua kuliko mimi niliye Kigoma.

Kuhusu kuokoana, hapa nakuomba uwe mkali, Mwalimu. Si mara chache anayezama ni yule aliyejitosa kumfuata mwenzake. Chukueni dumu tupu la lita 20, mfuniko umekazwa, mlifunge kamba ndefu mpini. Mtu mzima mmoja, asiyeoga, abaki nalo ufukweni muda wote vijana wakiwa majini. Mtu akivutwa, arushiwe dumu alikumbatie, na wengine wote watoke majini papo hapo wasaidie kuvuta kamba.