Maswali ya Wasomaji: Mtego Hutegwa, Tena Huteguliwa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia mchezo wa kuigiza wahusika kwa kundi la wachezaji wanne: mimi hueleza mahali, kila mmoja husema mhusika wake anafanya nini, na dadu huamua penye shaka. Hivi karibuni niliwapitisha katika ushoroba wa kaburi la kale, na mmoja wao akakanyaga jiwe lililofungua shimo lenye mikuki. Alirusha dadu, akashindwa, na mhusika aliyemlea kwa miezi mitano akafa papo hapo. Tangu siku hiyo wachezaji hawasogei hatua moja bila kupapasa sakafu, kuta na dari, na kikao kizima huishia chumba kimoja. Kanuni nilizifuata zote. Nimekosea wapi?
Msimamizi aliyekwama

JIBU: Ndugu msomaji, kosa lilitendeka kabla dadu haijashikwa. Jiulize mchezaji yule angefanya nini ili asianguke. Ikiwa hapakuwa na jambo lolote ambalo angeliona, angeliuliza au angelishuku, basi hakushindwa na mtego wako, bali alipewa tu taarifa ya kifo chake.

Katika lugha yetu mtego hutegwa na kuteguliwa, na kitendawili vilevile hutegwa na kuteguliwa. Kitendawili ambacho maneno yake hayadokezi jibu hata kwa mbali hakiitwi kigumu; ni kibovu. Ushoroba wako ungeweza kuwa na vumbi lililotanda kila mahali isipokuwa kwenye kingo za jiwe moja, au upepo wa baridi unaopenya kati ya mawe ya sakafu, au mifupa ya mwizi wa zamani aliyeburuzwa na wenzake hadi ukutani, mbavu zake zikiwa na matundu yaliyolingana. Dalili kama hizo zitaje mwenyewe unapoeleza mahali, bila kusubiri kuulizwa, kwa kuwa wachezaji hawana macho mengine ila maneno yako. Wasimamizi wengi huogopa kwamba dalili itauharibu mtego. Mimi naona kinyume chake: mchezo huanza pale kundi linapojua kwamba sakafu ina hila, huku upande wa pili kuna sanduku wanalolitaka, na hawajui bado watavukaje. Mtego bila chambo haunasi, na chambo kizuri huonekana.

Kuhusu dadu, historia ina funzo. Katika kanuni za kwanza za mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, zilizotoka mwaka 1974, mtego kwa kawaida ulifyatuka pale aliyepita alipopata 1 au 2 kwenye dadu ya nyuso sita. Kwa watu wanne wanaofuatana, uwezekano wa angalau mmoja kuufyatua ni 65 kati ya 81, yaani takriban asilimia 80. Lakini orodha ya vifaa ya kanuni hizohizo ilikuwa na ufito wa futi 10, wa kupapasia sakafu kabla ya kukanyaga, na mhusika mwizi, mwenye ustadi maalumu wa kutegua mitego, aliongezwa katika nyongeza ya mwaka 1975. Kabla yake mchezaji alilazimika kusema anagusa nini, kwa kitu gani, akiwa amesimama wapi. Sidai kwamba turudi huko moja kwa moja, ila napendelea maneno yatangulie na dadu ifuate, pale njia aliyoichagua mchezaji inapokuwa na hatari au haraka ndani yake.

Ukali nao upimwe. Mhusika mwenye alama 4 za uhai akichomwa na mkuki unaompunguzia alama kwa idadi itakayotoka kwenye dadu moja ya nyuso sita, nusu ya nyakati alama humwishia na hufa. Shimo linalomtenganisha na wenzake, kengele inayowaamsha walinzi, au chumba kinachojaa maji polepole, huleta uamuzi mwingine badala ya kufunga hadithi. Mtego wa kuua si haramu, mradi dalili yake iwe kubwa kama adhabu yake.

Kupapasa kwao kila jiwe ni busara: umewafundisha kwamba mahali salama na mahali pa hatari hufanana. Weka mitego penye sababu tu, yaani penye kitu ambacho mjenzi alitaka kukilinda, na uache njia ambayo walinzi wake mwenyewe waliitumia. Kisha upe muda thamani. Kanuni nyingi za zamani zilihesabu upekuzi kwa vipindi vya dakika 10 na mwenge kwa vipindi sita, hivyo anayekagua kila ukuta hubaki gizani baada ya saa moja. Ila usianze na hili la pili. Bila dalili, mwenge utakuwa adhabu juu ya adhabu.

SWALI: Wachezaji wangu walibana gurudumu la mtego kwa kabari ya mbao. Je, ningeweza kusema papo hapo kwamba mtego una gurudumu la pili?

JIBU: Hapana. Andika mapema kinachoufyatua, kinachousukuma na kinachoanguka. Kabari ikizuia kimojawapo, mtego umekwisha, hata kama ulitumia jioni nzima kuubuni. Ruhusa ya kubadilisha ni moja: ukigundua kwamba ulisahau kutaja dalili, simamisha mchezo, ikiri mbele ya wote, na umrudishe mchezaji hatua moja nyuma.