Kukata miti ni kugraindi, na aliyesema siyo alikosea

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bukavu aliniandikia: "Yaya, nagraindi kila usiku mpaka saa nane, lakini siendi mbele. Wenzangu wananipita. Nakosea wapi?" Nikamuuliza anafanya nini saa zote hizo. Akaniambia anazunguka michezo mitatu akichukua zawadi za kila siku, kisha anaingia Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni, kuua jini la aina moja tu, abyssal demon, akingoja limwangushie mjeledi, silaha ya thamani.

Mdogo wangu, uchovu wako naukubali. Najua usiku wa Bukavu na najua usiku wa Lubumbashi. Lakini hapo hugraindi, na nimeona nikujibu mbele ya wote kwa sababu ujumbe kama wako nimeshapokea mwingi.

Kugraindi ni kurudia kazi uliyoichagua mwenyewe, ambayo bei yake inajulikana tangu mwanzo, na kila unaporudia unaongeza kitu ambacho hakuna wa kukunyang'anya. Ukizima simu sasa hivi, kesho unaendelea palepale ulipoachia. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, tafuta jina lingine.

Chukua huo mjeledi. Jini lile linauangusha kwa nafasi moja kati ya 512. Watu wengi wanadhani wakiua 512 ni lazima wapate. Siyo hivyo. Katika wachezaji 100 watakaoua 512 kamili, karibu 37 wataondoka mikono mitupu, kwa sababu jini halikumbuki umeliua mara ngapi. La 513 lina nafasi ileile ya la kwanza. Hiyo ni bahati, na bahati haina madaraja ya kupanda. Kama umepangiwa jini hilo na bwana wa Slayer (ujuzi wa kuwinda majini), na unaliua ili upandishe Slayer, hapo sawa: kila moja linakuachia pointi zinazobaki, na mjeledi ukianguka ni ziada. Kazi ya mikono ni ileile, lakini wewe unalala ukiwa na kitu.

Zawadi za kila siku ndizo mbaya zaidi. Ni kuitika jina darasani: usipokuwepo unahesabiwa kosa, ukiwepo hujajifunza kitu. Ratiba ameipanga mtengenezaji wa mchezo ili urudi kesho, na ukikosa siku moja unajiona umepoteza. Katika michezo mitatu ndiyo unajiita mgraindaji? Hapana, mdogo wangu.

Na kupigana na bosi mgumu, yaani jini kubwa la mchezo, hadi umjue, ukifa na kurudi, ukifa na kurudi? Ni jambo la heshima, lakini ni mazoezi. Mikono ndiyo inayopanda levo hapo. Siku umemjua bosi, ukaanza kumuua kwa mpangilio ili ukusanye hela, ndipo graindi inapoanza.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa.

Nilikuwa katika klani (kikundi) moja ya wachezaji wanaoongea Kifaransa, watu wa nchi mbalimbali. Nilipofika levo 92 ya ukataji miti nikaandika kwenye mazungumzo ya klani, nikitegemea angalau pongezi. Kiongozi wetu akajibu mbele ya wote kwamba kukata miti ni kuweka simu mezani tu, na kwamba graindi ya kweli ni ya mabosi. Wengine wakacheka. Mwingine akasema, "Si umeshafika, bado 7 tu."

Bado 7 tu! Anayejua mchezo huu anajua kwamba 92 ni nusu ya njia. Levo 99, ambayo ndiyo ya mwisho, inadai pointi 13,034,431. Levo 92 inafunguka kwenye 6,517,253. Yaani zile levo 7 za mwisho zina uzito sawa na 92 za kwanza. Gogo la mti wa yew linatoa pointi 175, basi piga hesabu: zilikuwa zimebaki zaidi ya magogo 37,000, na mfuko unabeba 28 kwa mara moja. Niliyajua hayo yote nikiwa nimekaa kimya nikisoma vicheko vyao. Nilitoka kwenye klani usiku uleule. Mpaka leo, nikiona yule kiongozi yuko mtandaoni kwenye orodha yangu ya marafiki, kifua kinanibana kidogo.

Nilikata Edgeville, mji wa ndani ya mchezo, nyuma ya benki, kwenye miti miwili ya yew inayosimama karibu. Hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, kuranti ikikatika jioni inaweza kurudi saa saba usiku, na ikirudi mtaa mzima unaamka: mama anapiga pasi nguo za shule, jirani anawasha pampu ya maji, kila ukuta wenye soketi una simu tatu zimening'inia. Mimi nilikuwa nakaa sakafuni karibu na soketi, mwanga wa kioo nimeushusha hadi mwisho, sauti nimeiacha kidogo tu. Siri iko kwenye sauti. Shoka likigonga, endelea na mambo yako. Shoka likinyamaza, mti umeanguka au mfuko umejaa, nyoosha kidole gumba. Mti wa pili. Benki. Mti wa kwanza umeshaota. Nilimaliza kusoma noti za mtihani mzima hivyo, sikio moja kwenye shoka.

Hapo ndipo wale wa klani hawakunielewa. Mchezo huu unahesabu kwa mapigo ya sekunde 0.6. Mbele ya bosi inabidi ubadilishe sala (kinga za ndani ya mchezo) na silaha ndani ya mapigo hayohayo, na ukiwa na mtandao unaosinzia unakufa kabla hujaona kilichokupiga. Mti haukuui. Mtandao ukikatika, unarudi na magogo yako yapo. Kwa mtu anayecheza kwa simu, kwa mega za kununua kidogo kidogo, kuchagua kazi ambayo mtandao mbovu hauwezi kuiharibu ni akili, siyo uvivu. Old School RuneScape ilifika kwenye simu mwaka 2018, na akaunti ni ileile ya kompyuta, pointi ni zilezile. Hakuna pointi za watu wa Paris na pointi za watu wa Katuba.

Mwezi uliopita nimefika 99. Fataki zilipasuka juu ya kichwa cha mtu wangu pale nyuma ya benki, na wageni wawili waliokuwa wakikata mti wa pili wakaniandikia pongezi. Sijui ni watu wa wapi. Nimejivunia sana na sitaona aibu kusema hivyo. Baba yangu mkubwa, ambaye hajui hata mchezo unaitwaje, aliniuliza kwa nini natabasamu na simu. Nikamweleza hesabu yote. Akasema, "Basi umefanya kazi, mwanangu." Maneno hayo yalinitosha kuliko ya klani nzima.

Kwa hiyo, ninyi mnaonifuata, sikilizeni. Chagueni kitu kimoja. Siyo michezo mitatu, siyo stadi tano kwa mpigo. Kimoja, mkijue bei yake, mkiandike kwenye karatasi. Mkishajua bei, maneno ya watu hayawatikisi, kwa sababu mnajua mlipo kuliko wao.

Msinunue dhahabu kwa watu wa pembeni, msinunue akaunti iliyopandishwa, msiweke programu ya kubofya kwa niaba yenu. Sheria za mchezo zinakataza na akaunti inafungwa. Lakini hata isingefungwa: usipokuwepo, nani amegraindi? Nimeona vijana hapa mjini wakitoa hela ya forfe (kifurushi cha mtandao) ya mwezi kwa akaunti ambayo ndani ya muda mfupi haifunguki tena. Inaniuma, kwa sababu muda wa kuipandisha wenyewe walikuwa nao.

Pumzikeni pia. Katika mchezo mwingine, World of Warcraft, tangu ulipotoka 2004, ukimwacha mtu wako kwenye nyumba ya wageni au mjini ukaenda zako, ukirudi anapata pointi maradufu kwa kuua majini mpaka akiba ya mapumziko iishe. Watengenezaji wenyewe wameliweka jambo hilo ndani ya mchezo, wewe unakesha kwa nini? Saa nane ya usiku siyo sifa. Mwenye shule kesho alale.

Jambo la mwisho ni la bondi. Wengi wetu hatuna kadi ya benki ya kulipia uanachama, unaofungua sehemu za mchezo zisizo za bure, kwa hiyo tunanunua bondi kwa dhahabu ya ndani ya mchezo, na bondi moja inatoa siku 14 za uanachama. Njia nzuri, mimi mwenyewe natumia. Ila angalia: kama dhahabu yote ya siku 14 inakwenda kununua bondi ya siku 14 zinazofuata, hapo unalipa kodi ya nyumba usiyopata muda wa kuishi. Afadhali ubaki kwenye dunia za bure (seva zisizolipiwa). Yew ziko huku, kambakoche (lobster) wa kuvua wako huku kuanzia levo 40, na 99 ya bure ina pointi zilezile 13,034,431. Nunua bondi ukiwa na akiba ya bondi mbili au tatu, na ukiwa na kazi ya uanachama unayoitaka kweli.

Yangu kwa sasa ni uvuvi. Papa wanafunguka levo 76, kila mmoja pointi 110, na samaki, kama mti, anamsubiri mtu wa mtandao mbovu. Anayetaka tuvue pamoja aniandikie jina lake la mchezo na dunia anayochezea. Klani bado sijaanzisha, lakini tukifika watu watano nitaanzisha, na humo hatacheka mtu akisikia 92.