Mayai 4 yanakushinda, kirundo cha viazi unakijua kwa jicho tu

Mkuu umeuliza mbona ukiwa na simu sikioni unampa mteja mayai 3 badala ya 4, ila kirundo cha viazi ukikitupia jicho unajua kabisa kimeshuka kiasi gani hata kama unapiga stori. Nina genge muda mrefu na hiki kitu nakiona kila siku, tena kwa wauzaji wazuri tu, wala sio uzembe.

Iko hivi, kitu 1 mpaka 4 jicho linajua palepale, huhesabu. Mchumi mmoja wa Uingereza, William Stanley Jevons, mwaka 1871 alitoa majibu ya jaribio lake, alikuwa anarusha maharage kwenye kiboksi, anatupia jicho fasta anataja idadi, kafanya hivyo mara 1,027. Yakiwa 3 au 4 hakukosea hata mara moja, kwenye 5 ndo akaanza kupotea. Sasa ukisikia hivyo unadhani hizo chache zinakuja zenyewe bila kutuliza akili, kumbe ndo zinazoitaka zaidi. Mwaka 2010 mtafiti David Burr na wenzake waliwapa watu kazi mbili kwa mpigo, akili ikishashikwa na ile nyingine, idadi ya vichache ndo ikayumba vibaya, makadirio ya vingi yakabaki karibu vilevile. Ndo maana viazi havijali simu, pale unakisia tu na kiazi kimoja kuzidi au kupungua hakuna anayejua, ila yai moja mteja analiona.

Mwangalie mtu anayefunga mayai huku anaongea: la kwanza, la pili, "eeh nipo nakusikia", la tatu, anakunja mfuko. Macho yapo kwenye mayai kabisa, akili ipo kwa aliyepiga.

Kwa hiyo usijilazimishe kuhesabu kwa nguvu wakati unaongea. Kijana ninayefanya naye kazi nimemzoesha kushika mawili mawili, mara mbili mkono ukienda basi ni manne. Nyanya na vitunguu tunapanga mafungu asubuhi kabla watu hawajajaa, ukishapanga umepanga, jioni hata kukiwa na kelele unabeba fungu zima. Chenji ndo msiguse kabisa mkiwa na simu, mwambie aliyepiga asubiri, zitandaze noti mezani mbele ya mteja muzione wote wawili ndo azichukue.