Kigugumizi kwenye usaili wa kazi: jibu kwa ndugu wa Masasi

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje kwenye usaili wa ukarani wa ghala la korosho mjini Mtwara, ilhali kigugumizi hukukaba hasa unapotaja jina lako.

Jina ndilo neno gumu kwa wengi wetu, kwa sababu halina kisawe cha kukimbilia. Nakushauri uwatangulie wasaili: baada ya salamu, sema kwamba una kigugumizi, kwamba huenda ukakwama hapa na pale, na kwamba unaomba wakusubiri umalize mwenyewe. Nilipoanza kufanya hivyo, nguvu niliyokuwa nikiitumia kuficha ilibaki kwa ajili ya majibu. Neno kama "korosho" likikwama, usilisukume. Acha pumzi ianze kutoka, kisha nyuma ya ulimi iguse kaakaa kwa wepesi tu, bila kuyakwepa macho ya aliye mbele yako. Ukibadilisha neno katikati ya sentensi, jibu hupinda na msaili hudhani huijui kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inamlinda hata mwombaji wa kazi.

Ukishaajiriwa, simu ndiyo itakayokusumbua (mimi bado siipendi), kwa kuwa ukimya wako huchukuliwa kuwa mtandao umekatika. Waombe mapema unaowapigia mara kwa mara wasikate, na idadi ya magunia uithibitishe kwa ujumbe mfupi.