Jikoni na Shangazi: Chokoleti imekuwa chengachenga

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niliyeyusha chokoleti nichovye ndizi za kugandisha, ikashikana na kuwa chengachenga. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo ni maji. Hata matone machache ya mvuke huishikanisha. Bakuli na mwiko viwe vikavu kabisa, na ukiweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto ili kuyeyusha, maji hayo yasiguse bakuli. Mimi hutia kijiko cha mafuta ya nazi kwa gramu 200 za chokoleti; hulainika vizuri. Ndizi zimenye, zichomeke vijiti, zigande kwa muda wa saa 3 kwanza. Zifute barafu ya juu, kisha chovya. Karanga zilizotwangwa nyunyizia papo hapo, maana inaganda kufumba na kufumbua! Hiyo iliyoharibika usiitupe: koroga kwenye maziwa ya moto, watoto wanywe.